Msifunue Themanini Kabla Watoto Hawajavuka

Risala ya Kikundi cha Kina Mama Wavushaji wa Ilubanda kwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapitio ya Mwendo wa Barabara Kuu

Karibu

Mgeni rasmi, karibu Ilubanda na pole na safari. Walio wadogo kwako wanakuamkia shikamoo, na bibi zetu walioketi safu ya mbele wanaisubiri ya kwako. Mheshimiwa diwani, mtendaji wetu wa kata, Mwalimu Mkuu Mwanne na walimu wenzako, na wageni wote wa msafara, tumewataja, asibaki mtu ananuna kwamba itifaki imemruka.

Tumekusubiri tangu saa tatu asubuhi. Tumeimba, tumecheza, tumenyamaza, tumeimba tena. Hatulaumu, maana wewe ni mtu wa kazi nyingi. Tunasema tu kwamba msafara wako ulipoingia, gari la kwanza lilipita pale kwenye kibao cha hamsini na kuku wa Mama Samia akaponea chupuchupu. Hatusemi gari lilikuwa na mwendo gani. Hatuna tochi ya trafiki.

Kuna jambo moja kabla hatujaendelea. Juzi tuliletewa risala iliyokwisha kuchapwa, ya ukurasa mmoja, tukaambiwa tuisome hivyo hivyo. Ilianza kwa kushukuru na kumalizia kwa kushukuru, na katikati ilisema kwamba wananchi wa Ilubanda wameupokea kwa furaha mwendo mpya wa kupita kijijini, kutoka hamsini kwenda themanini. Tuliisoma kikundi kizima tukacheka, halafu kicheko kikakatika. Hii inayosomwa sasa ni nyingine, tumeitunga wenyewe, na mheshimiwa diwani anaisikia kwa mara ya kwanza kama unavyoisikia wewe. Mheshimiwa, tunakuomba ukae tu, hatutachukua muda mrefu.

Katibu anayesoma ameonywa na wenzake asisome kwa hasira. Anajitahidi.

Historia yetu na barabara

Mgeni rasmi, Ilubanda ilikuwepo kabla ya lami. Lami ilipokuja tulishangilia kuliko mtu yeyote, tukawapikia mafundi, tukawapangishia vyumba. Inatoka upande wa Kahama, inakwenda Geita na kuendelea hadi Chato, na ikifika hapa inatukata katikati. Shule na zahanati vimebaki ng'ambo ile. Nyumba zetu, kisima na mashamba viko ng'ambo hii. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna kusoma bila kuvuka, wala hakuna kujifungua bila kuvuka.

Tukawekewa kibao cha hamsini, tukashukuru. Baada ya wiki chache tukakielewa vizuri. Trafiki akisimama na tochi yake, hamsini ipo. Trafiki akienda kula, hamsini imekwenda naye. Madereva wanapigiana taa tangu kilima kile, wanaambiana kama njia ni nyeupe, kisha linakuja basi, linakuja lori la mzigo wa mgodini, vinakuja vile vigari vya mchomoko vilivyopakia watu mpaka kwenye buti vinawahi abiria wa Katoro, na hakuna hata kimoja kinachotazama pembeni. Muhula mmoja tulizika watoto wawili. Wa pili alikuwa na ufagio wa shule mkononi, ilikuwa zamu yake ya kufagia darasa.

Tulikwenda kila ofisi tuliyoelekezwa. Tukajibiwa kwamba wazazi tuwafundishe watoto kuvuka barabara. Mgeni rasmi, jibu hilo lilituuma na bado linatuuma. Watoto wetu wanajua kuvuka. Wanasimama, wanatazama kulia, kushoto, kulia tena, kama walivyofundishwa. Gari la mwendo ule mtoto wa miaka saba akilitazama kulia halipo, akirudi kulitazama limeshafika.

Sasa tukueleze jinsi kikundi chetu kilivyozaliwa, kwa sababu tunajua umeelezwa na watu wengine, na walivyokueleza sivyo.

Alifariki Mzee Bujiku, nyumba yake ile ya bati jekundu iliyo jirani kabisa na lami. Turubai likafungwa hapo uani, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka, na vijana wakatupa matawi mabichi kandokando ya lami kama ilivyo desturi, ili wapitao wajue kuna msiba. Huku kwetu mtu wa baiskeli akifika penye msiba hushuka, akaikokota mpaka apite. Mwenye gari hupunguza mwendo na kuzima muziki. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na haina faini.

Basi siku zote za matanga yale, magari yalipita hapa taratibu, yote. Mabasi yaliyokuwa yakituvurumishia mawe ya pembeni yalipita abiria wametulia. Madereva wa malori walivua kofia. Watoto walikwenda shule na kurudi kama wanatembea uani kwao. Na mwenzetu mmoja aliyekuwa amekaa mkekani miguu ameinyoosha, Mama Bernadina Mayala, muuza viazi vya kuchemsha pale kituoni, alikuwa anatazama barabara badala ya kulia. Akamgusa mama aliyekaa jirani yake akasema, "Mayu, unaona? Kumbe breki wanazo."

Hilo ndilo lililoanzisha kikundi.

Mafanikio

Matanga ya Mzee Bujiku yalipoanuliwa, Bernadina aliomba turubai lisishushwe. Tukalihamishia pale mkabala na njia ya shule. Kila siku ya masomo, saa moja asubuhi watoto wanapokwenda na saa nane mchana wanapotoka, tulikaa chini ya turubai lile, kanga kichwani, sufuria kubwa juu ya mafiga, matawi kando ya lami. Wazee wawili watatu walituazima heshima yao wakakaa kwenye benchi. Hatukulia, kulia kwa uongo ni mkosi na bibi zetu walikataa. Tulikaa tu kimya. Magari yakapunguza mwendo, watoto wakavuka, tukakunja mikeka tukaenda shambani.

Tunasikia wenzako wa kamati wameliita jambo hilo udanganyifu. Liiteni mpendavyo. Sisi hatuombi radhi, na tungeulizwa leo tungelifanya tena. Kwa muda wote ule hakuna mtoto wa Ilubanda aliyeguswa na gari. Mwalimu Mkuu Mwanne yuko hapa, umuulize.

Watu walitupa pole nyingi. Kuna basi moja la Bukoba ambalo kondakta wake alitushushia mkungu wa ndizi dirishani, akasema ni za wafiwa. Tulimkimbilia tumrudishie, basi likawa limeondoka, ndizi tukawapikia watoto. Dereva mmoja wa lori, Swaleh, mtu wa Tanga, alisimamisha gari kabisa, akashuka, akavua kofia, akamwuliza Bernadina, "Amefariki nani, mama?" Bernadina akamjibu, "Bado, baba. Ndiyo tunamzuia."

Swaleh alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akipita alikuwa akipunga mkono. Huyo Swaleh tutamrudia.

Changamoto

Mgeni rasmi, madereva ni watu wanaozungumza. Wanakutana stendi ya Kahama, wanakutana kwenye supu Geita mjini, wanakutana mizani. Swaleh alisimulia kwa mapenzi tu, kama kichekesho cha kina mama wenye akili. Waliosikia wakasimulia kwa namna yao. Haikuchukua muda ikawa inajulikana njia nzima: pale Ilubanda hakuna maiti, kanyaga. Wakaanza kutupigia honi. Wengine walitoa vichwa dirishani, "Poleni na msiba wa jana, na wa juzi, na wa kesho!" Watoto wakarudi kukimbia.

Bernadina alisema tutafute njia nyingine. Tulikuwa bado tunaitafuta alipofariki mume wake, baba Ndaki, kwa maradhi, nyumbani kwake. Nyumba yao iko pale, hatua chache kutoka kwenye lami, unaweza kuiona ukigeuza shingo.

Tulifanyaje? Tulifunga turubai. Kijiji hiki kina turubai moja. Tukakaa chini yake sisi wale wale, kanga zile zile, tukaweka matawi. Nani angeweka kitu gani kingine? Msiba ni msiba. Safari hii tulilia kwa sauti. Lakini mtu aliye ndani ya lori vioo vimefungwa hasikii, anaona tu.

Mchana waombolezaji kutoka Ibadakuli, ndugu za marehemu, waliteremka ng'ambo ile. Bernadina akainuka kwenda kuwapokea, maana mfiwa hupokea wakwe zake mwenyewe. Lori likaja halikupunguza. Liliingia kwenye matawi, likachukua benchi, likamchukua Bernadina. Watu wengine wanne waliumia, na mmoja wao, Mama Samia yule mwenye kuku, anatembelea gongo mpaka leo.

Aliyekuwa anaendesha ni Swaleh.

Alijisalimisha mwenyewe polisi, na alipopewa dhamana alikuja mazikoni, kwa miguu kutoka njia panda. Vijana walitaka kumpiga, bibi zetu wakamkinga. Alikaa chini mbele ya makaburi mawili, akasema maneno haya, nasi tunayaandika yalivyo: "Nilidhani ni nyinyi. Mama zangu, mngeniambia kwamba huu ni wa kweli." Bibi mmoja akamjibu, "Tungekuambiaje, mwanangu?"

Mgeni rasmi, sisi Swaleh tumemsamehe, na tumesema hivyo mahakamani. Ambao hatujawasamehe ni waliokuja baada yake.

Walikuja wataalamu na magari mawili. Walipima lami, walipiga picha, walikula mchana wakaondoka. Hawakumwuliza mtu yeyote wa hapa jambo lolote, isipokuwa choo kiko wapi. Baadaye tukasomewa matokeo kwenye mkutano wa kata. Yalisema ajali ilisababishwa na wakazi walioweka kizuizi kisicho rasmi. Yalisema pia kwamba kwa kuwa madereva wengi hawafuati hamsini, hamsini haina uhalisia, na kwamba mwendo wa themanini utaondoa mgongano kati ya sheria na matumizi.

Tuliomba yasomwe tena. Yakasomwa tena.

Mgeni rasmi, hapo ndipo katibu anaposhindwa kusoma bila hasira. Kwa hiyo sheria isiyofuatwa dawa yake ni kuibadilisha imfuate anayeivunja? Hapa kijijini kuna watu wanaiba mbuzi. Hatujawahi kukaa kikao tukapitisha kwamba kwa kuwa wezi wengi huchukua mbuzi watatu, tuwaruhusu watatu ili wasiwe wanavunja sheria. Tunawafukuza. Na sisi ni watu wa darasa la saba.

Tumeambiwa pia kuhusu dakika. Kwamba basi likipita vijijini kwa themanini litaokoa dakika kadhaa kutoka Kahama mpaka Geita, na dakika ni uchumi. Sisi tunapanda mabasi hayo. Likifika stendi linakaa linaita abiria mpaka waliowahi wanashuka kununua mahindi ya kuchoma, wanayamaliza, na bado linaita. Dakika zipo tele, zimejaa stendi. Kwa nini zitafutwe kwenye miguu ya watoto wetu?

Wala msiseme tunapinga maendeleo, neno hilo tumelichoka. Kule mbugani kusiko na nyumba wala mfugaji, ambako mtu anaona kilomita nzima mbele yake, wawekeeni mwendo mnaoupenda, hata mia. Pengine mwendo wa huko ni mdogo mno kweli, sisi si wataalamu. Mgonjwa wetu akikimbizwa hospitali ya Geita hata sisi tunataka gari likimbie. Lakini hapa pana kisima, pana shule, pana mama mjamzito anavuka na ndoo. Barabara ni moja, mahali si pamoja.

Tulipoomba matuta tuliambiwa matuta hayaruhusiwi kwenye barabara kuu. Tukaamini. Halafu wenzetu waliokwenda kuuza viazi upande wa machimboni walirudi wakasema mbele ya lango moja la kampuni kule, kwenye barabara hii hii, yapo matuta, zipo rasta zinazotetemesha gari zima, na mlinzi mwenye kibendera. Tukapanda gari wenyewe kwenda kuyaona. Yapo. Kumbe lami inakubali matuta, ila inachagua inamlinda nani.

Maombi yetu

Kwanza, tunaomba hamsini ya Ilubanda ibaki hamsini, na katika saa za kwenda na kutoka shule iwe thelathini.

Pili, tunaomba matuta pande zote mbili, rasta kabla yake, na kivuko cha pundamilia mkabala na njia ya shule. Kibao peke yake tumeshakijua.

Tatu, tunaomba yale maneno kwamba wakazi ndio waliosababisha yafutwe. Bernadina ameacha watoto. Wa mwisho, Ndaki, yuko darasa la tatu, na kuna mwenzake aliyemwambia shuleni kwamba mama yake alijiua kwa uongo wake. Mtoto hakuyatoa kichwani mwake maneno hayo, aliyasikia kwa wakubwa waliotoka mkutanoni. Ndaki alikaa wiki nzima hataki kwenda shule. Tunataka mtu mwenye cheo kama chako asimame mbele ya watoto wale aseme kwamba yule mama alikuwa anafanya kazi ambayo wengine walikuwa wanalipwa kuifanya na hawakuifanya. Ukisema wewe, wataamini.

Ombi la nne hatukuwa nalo wakati tunaandika. Tumelipata leo hapa hapa, baada ya wewe kuketi, ndiyo maana utaona limeongezwa kwa kalamu.

Watu wa itifaki walikuja jana jioni, wakaona hakuna kivuli cha kumweka mgeni rasmi, wakauliza kama kijiji kina turubai. Tukawaambia lipo moja. Wakasema lifungwe hapa, mkabala na njia ya shule, ili uwe karibu na kibao kipya, kile kilichofunikwa kitambaa cha bluu. Mgeni rasmi, hilo lililo juu ya kichwa chako ndilo turubai lenyewe. Pale pembeni penye kiraka cha gunia ndipo lilipochanika siku ile.

Na tangu ulipofika sisi tunaimba huku tunatazama barabara, ni mazoea. Magari yanapita taratibu. Yote. Basi la Bukoba limepita sasa hivi kama linabeba mayai. Wameona magari yenu ya bendera, wameona askari, wamekuona wewe umekaa chini ya turubai. Breki bado wanazo. Sisi wafiwa hawatuamini tena, na hatuna msiba mwingine wa kuwaonyesha. Wewe bado wanakuamini.

Kwa hiyo ombi la nne ni hili. Ikiwa kamati yako haiwezi kutupa matuta, na hamsini lazima iondoke, basi usiondoke na wewe. Kaa hapo ulipo. Tutakuletea chai asubuhi na viazi mchana. Utahitajika saa moja na saa nane tu, siku za masomo, na likizo utakwenda nyumbani.

Hitimisho

Wageni wenzako wanacheka, na sisi tulicheka wakati tunaliandika. Sasa ni saa nane kasorobo. Ratiba inasema nikimaliza kusoma unakwenda kufunua kitambaa na sisi tunapiga makofi. Makofi hatutapiga, tunakuambia mapema usije ukafedheheka.

Tumemwomba Mwalimu Mkuu Mwanne asiwaachie watoto kabla, wala asiwacheleweshe. Kengele italia kama kawaida na watoto watashuka njia ile pale. Tunakuomba uinuke, uache viatu vyako vikanyage lami yetu, uende mpaka ng'ambo, uvuke nao. Uwaambie madereva wako wazime taa zile za juu, na askari wakae kando kwenye kivuli, ili magari yapite kama yanavyopita siku zote. Ndaki ndiye mwenye sweta la kijani lililofumuka kiwikoni. Anaogopa kuvuka, hushika mkono wa mtu yeyote aliye karibu. Ukifika upande huu naye, umwachie mkono, ndipo uende kwenye kibao. Kama moyo wako utakuambia ni themanini, funua.

Mungu akupe umri, akulinde wewe na watoto wako kwenye kila barabara mtakayopita, akufikishe nyumbani salama leo hii. Wabeja sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi, Kikundi cha Kina Mama Wavushaji wa Ilubanda.

Imesomwa na Salome Mabula, Katibu, kwa niaba ya Mwenyekiti wetu Bernadina Mayala, ambaye nafasi yake hatujaijaza.